Kusitiri si Kuficha: Kutoka Munanila hadi Dar es Salaam kwa Ndege, Pamoja na Watoto Wetu

Mtu wa Dar es Salaam au Tanga akisikia Kigoma huwaza ziwa, dagaa na mawese. Sisi wa nyanda za juu za mkoa huo, kuanzia Kibondo na Kasulu hadi huku kwetu Munanila, katika Wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, ziwa hatulioni mpaka tushuke. Kwetu ni vilima vya kahawa, migomba na maharage. Ni asubuhi za ukungu, ambapo wazee huja Swala ya Alfajiri wamejitanda mashuka mazito. Ni mpaka wa Burundi ulio karibu, kiasi kwamba bidhaa na salamu huvuka kila siku ya soko. Waislamu huku si wengi kama walivyo Ujiji, mji wa kale wa misafara, na kwa sababu hiyo msikiti wetu hujua karibu kila nyumba ya muumini na kilichomo ndani yake. Au tulidhani tunajua.

Waha ni watu wa salamu. Mtu hakupiti njiani kwa kukupungia mkono. Husimama, hutoa "Mwakeye" yake ya asubuhi kwa unyenyekevu, kisha huuliza nyumba, mifugo, shamba na watoto. Zipo nyumba ambazo watoto ni watano, na mzazi akiulizwa hujibu habari za wanne. Wa tano hakufa wala hakusafiri. Yumo ndani, mlango umerudishwa, na wageni wakija hupelekwa uani.

Tunawazungumzia watoto wenye ulemavu usioonekana kwa macho. Asiyeona hutambulika kwa fimbo yake, na asiyetembea hutambulika kwa kiti chake cha magurudumu. Watu huwapisha njia bila kuambiwa. Lakini mwenye usonji, mwenye kifafa, mwenye ulemavu wa akili, mwenye usikivu hafifu au mwenye selimundu huonekana mzima mpaka siku mazingira yatakapomzidi. Siku hiyo watu hawasemi kwamba mtoto huyu anahitaji msaada. Husema hana adabu, au ana majini, au mama yake hakumlea.

Mwaka huu kamati ya msikiti wetu ilipewa amana ya kuwafikisha watoto wawili kwa madaktari bingwa jijini Dar es Salaam. Wa kwanza ni mvulana wa miaka minane mwenye usonji, ambaye husema maneno machache na huziba masikio kila spika ya msikiti inapowashwa. Wa pili ni binti wa miaka kumi na mmoja mwenye kifafa. Tunaandika habari hii kwa ridhaa ya wazazi wao. Majina tumeyaacha, na sababu ya kuyaacha ndiyo kiini cha makala hii.

Fedha za msikiti na swali la ndege

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati, iliyofika mwambao wa Ziwa Tanganyika mwaka 1914, ni takriban kilomita 1,250. Treni huchukua zaidi ya siku nzima. Basi hupitisha usiku njiani. Wazazi wa mvulana walikwisha kujaribu basi hapo nyuma, na kilichowapata wengi wetu tunakijua: baada ya saa chache za muziki wa juu, honi na msongamano, mtoto alianza kupiga kelele na kujigonga kichwa kwenye kioo, na abiria wakataka familia ile iteremshwe. Iliteremshwa, usiku, pembeni mwa barabara, ikarudi nyumbani kwa lori la mzigo.

Ndiyo maana jina la ndege lilitajwa katika kikao. Kikao kiligawanyika. Mzee mmoja, ambaye tunamheshimu kama baba, alisema fedha za waumini ni za bati na mikeka, na ndege ni ya wenye nafasi. Mwingine alisema watoto wale wanahitaji kisomo, si hospitali. Imamu wetu aliwaacha wote wamalize, kisha akasema maneno machache: kisomo kitasomwa, na dawa itatafutwa, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu watafute tiba na hakuna mahali aliposema dua inafuta tiba. Kuhusu bati, akasema mvua ya msimu huu imekwisha. Michango ikaanza usiku uleule.

Kizito kuliko fedha kilikuwa kwa mama wa binti. Alikuja na kaka yake, akakaa kwenye mkeka upande wa wanawake, akasema: "Katibu, nauli nashukuru. Lakini nikiwaambia watu wa ndege ukweli, watanikatalia kumpandisha. Na nikisema hapa kijijini, miaka sita ijayo nani atakuja kumposa mwanangu?"

Hofu hii si ya kupuuzwa. Kifafa kimebeba aibu katika nchi yetu kwa muda mrefu. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Mahenge mkoani Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wa kifafa wakitengwa na jamaa zao, kwa kuwa watu waliamini ugonjwa huambukiza kwa mate ya anayeanguka. Alianzisha kliniki kwa ajili yao, wakaanza kupata dawa. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Kifafa hakiambukizi. Hata hivyo yupo mama Munanila anayeogopa kutamka jina lake, na hatuwezi kumlaumu kabla ya kujiuliza ni nani aliyemfundisha kuogopa.

Mwanamke aliyeomba stara

Tulirejea katika vitabu tulivyovisoma chuoni. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba Ibn Abbas alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mmoja mweusi, akamwambia kuwa huyo ni miongoni mwa watu wa Peponi. Mwanamke yule alikuwa amemwendea Mtume (s.a.w.) na kumweleza kwamba huanguka kwa kifafa, na kwamba anapoanguka mwili wake hufunuka, akamtaka amwombee. Mtume akampa hiari: asubiri na alipwe Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba jambo moja, kwamba aombewe asifunuke. Akaombewa.

Tunaomba wazazi wayatazame mambo matatu katika kisa hiki. Kwanza, mwanamke yule alisema. Aliutaja ugonjwa wake mbele ya mbora wa viumbe, kwa ulimi wake mwenyewe. Pili, hakufukuzwa wala hakuambiwa ana laana. Alipewa hiari kama mtu mwenye akili na utu kamili. Tatu, alichokiomba hakikuwa watu wasijue kwamba anaumwa. Aliomba mwili wake usifunuke katika saa ya udhaifu wake.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kusitiri na kuficha. Kumsitiri mtoto ni kulinda heshima yake mbele ya watu. Kumficha ni kumnyima watu wenyewe: asijulikane na daktari, asijulikane na mwalimu, asijulikane na mhudumu anayeweza kumsaidia. Wazazi wengi tunadhani tunasitiri kumbe tunaficha. Mama yule alitusikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi waambieni watu wa ndege. Kijijini nitasema mwenyewe, siku nitakayoweza." Tukakubaliana hivyo.

Maandalizi

Yafuatayo tunayaeleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa huenda familia nyingine ikayahitaji.

Mashirika ya ndege duniani yanatumia alama za herufi nne kuelezana habari za abiria mwenye mahitaji maalumu. Abiria mwenye ulemavu wa akili au wa makuzi anayehitaji msaada huandikiwa DPNA. Abiria mwenye hali ya kitabibu huandikiwa MEDA, na huyu anaweza kutakiwa kuleta maelezo ya daktari kabla ya kuruhusiwa kusafiri. Anayekata tiketi kwa wakala na aseme wazi: naomba taarifa hii iandikwe kwenye tiketi. Asisubiri siku ya safari. Binti alipata barua ya daktari wa wilaya iliyotaja ugonjwa wake, dawa zake, na kwamba anaweza kusafiri. Hofu ya mama kwamba watamkataa haikutimia.

Dawa hazikuwekwa kwenye begi la mizigo. Zilikaa kwenye mkoba wa mama, katika pakiti zake zenye jina, pamoja na barua. Mtoto wa kifafa hapaswi kurushiwa dozi hata moja kwa sababu ya safari, na anahitaji usingizi wa kutosha, kwani uchovu ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kifafa. Kwa sababu hiyo tulishuka Kigoma siku moja kabla, tukalala kwa jamaa zetu wa Ujiji, badala ya kuondoka Munanila usiku wa manane.

Kwa wenye watoto wa selimundu tunaongeza neno moja, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa ugonjwa huu. Ndege iwapo angani, hewa ndani yake hufanana na hewa ya mlimani, kwenye kimo kisichozidi takriban mita 2,400. Mtu mzima wa afya haoni tofauti kubwa, lakini mwenye selimundu anaweza kudhurika kwa upungufu wa oksijeni. Huyu asipande ndege kabla ya kumuuliza daktari wake.

Kwa mvulana, kazi ilikuwa nyingine. Mtoto wa usonji hasumbuliwi na safari yenyewe kama anavyosumbuliwa na jambo asilolitarajia. Baba yake alimchorea safari nzima kwenye karatasi: nyumba, gari, uwanja, mashine ya ukaguzi, ngazi, kiti, mkanda, mawingu, Dar es Salaam. Kila usiku kwa wiki mbili waliipitia kwa kidole. Tulimsikilizisha mlio wa ndege kwenye simu, mwanzo kwa sauti ya chini. Fundi wa kupasua mbao akatuazima vifunika masikio vyake. Na mtoto akachagua mwenyewe kitu cha kushika: kopo dogo la bati lenye punje za kahawa, ambazo huzihesabu anapofadhaika.

Kushuka ziwani

Barabara ya lami kutoka Manyovu hadi Kigoma hupita Kalinzi, kisha huteremka kuelekea Mwandiga. Ni mteremko mrefu. Migomba huachia nafasi michikichi, baridi hubaki nyuma, na kwenye kona fulani maji ya Tanganyika hujitokeza ghafla chini kule, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Katika mteremko ule masikio huziba. Tulisimamisha gari tukawapa watoto pipi za kumung'unya, tukawaonyesha jinsi ya kupiga miayo. Baba wa mvulana akaweka kidole kwenye mchoro wa ndege, akamwambia: "Na huku pia yataziba, kisha yatazibuka." Hakuna darasa la urubani lililopita lile.

Uwanja wa Kigoma si mkubwa, na kwa watoto kama hawa udogo ni neema. Hakuna korido ndefu wala ngazi za umeme. Tulifika mapema, baba wa mvulana akamwendea ofisa wa ukaguzi kabla foleni haijawa ndefu, akamweleza kwa sauti ya chini: mtoto huyu ana usonji, hapendi kuguswa ghafla, tunaomba tupite naye pamoja. Ofisa aliuliza swali moja tu: "Nimwambie nini kabla ya kumgusa?" Akajibiwa: mwonyeshe mkono wako kwanza.

Shida ilikuja kwenye kopo. Punje za kahawa ndani ya bati, zikipita kwenye mashine, hazifanani na kitu cha kawaida. Kopo likazuiwa, mtoto akaanza kutikisa mikono na kutoa ile sauti yake. Watu wakageuka. Ofisa alilifungua kopo mbele yake, akamimina punje kiganjani, akaanza kuhesabu. Alipofika saba akakosea kwa makusudi, akasema tisa. Mtoto akasema: "Nane." Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Kopo likafungwa, tukapita.

Angani

Ndege tuliyopanda ilikuwa ya pangaboi, aina ya Q400, yenye viti 76. Kutoka Kigoma, ndege kama hiyo ikienda moja kwa moja hufika Dar es Salaam chini ya saa tatu, ingawa zipo safari zinazotua kwanza mahali pengine, kama Tabora, na mzazi anapaswa kuuliza mapema ili amweleze mtoto. Viti vimepangwa viwili viwili kila upande wa njia. Kwa familia ya namna yetu mpangilio huo unafaa sana, kwa kuwa mzazi na mtoto hukaa wawili tu, bila mgeni ubavuni. Tuliomba viti vilivyo mbali na pangaboi ili kelele ipungue. Abiria huenda kwa miguu hadi kwenye ngazi. Mvulana akiwa na vifunika masikio vyake alitembea ameshika mkono wa baba, macho kwenye karatasi, akigusa kila picha inapotimia.

Tulisoma dua ya safari. Ndege ikapaa, ziwa likainama upande mmoja, na vilima vyetu vikaonekana kwa mara ya kwanza kutoka juu yake, vya kijani, vimekunjamana kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kupigwa pasi.

Mvulana alipiga kelele wakati wa kupaa. Si kwa muda mrefu, lakini alipiga. Abiria mmoja mzee, mwenye kofia ya kiua nadhifu kama alivyo mzee yeyote wa Kiislamu, akageuka akamwambia baba: "Mwanangu, mfundishe mtoto adabu." Baba akamjibu kwa upole: "Shikamoo mzee wangu. Ana usonji, kelele humuumiza kama moto. Anajitahidi." Mzee akarudi kwenye kiti chake. Baada ya kitambo akageuka tena, safari hii akampa mtoto tasbihi yake ashike. Sentensi tatu za baba zilitosha. Bila hizo, mzee yule angeshuka Dar es Salaam akiwa na hakika kwamba amesafiri na mtoto mtundu wa wazazi wazembe.

Tulipokuwa tumekwisha kupita nusu ya njia, binti alianguka. Hatusemi alianguka chini, kwa kuwa alikuwa amefungwa mkanda. Macho yalipanda, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka. Mama hakupiga ukelele. Mhudumu wa ndege, ambaye alikuwa na taarifa tangu kabla ya kupaa, alifika bila kukimbia. Hakuna aliyemtia kijiko mdomoni wala kumshika kwa nguvu, kwa kuwa mambo hayo mawili humdhuru mgonjwa. Kichwa kiliegemezwa kwenye nguo laini, mwili ukalazwa ubavu kadiri kiti kilivyoruhusu, ushungi ukalegezwa shingoni, na mhudumu akatazama saa yake. Kipimo ni dakika tano: kifafa kikizidi hapo, hiyo ni dharura ya kuhitaji daktari. Hakikufika dakika mbili.

Katika dakika hizo mama alifanya jambo ambalo hatutalisahau. Alifungua khanga yake ya pili, ile aliyoichukua kwa ajili ya baridi, akamfunika binti kuanzia kifuani hadi miguuni, akaipenyeza pembeni mwa kiti isiteleze. Mhudumu akasimama kwenye njia, mgongo wake kwa abiria, akawa pazia. Wa viti vya mbele hawakujua kilichotokea. Binti alipozinduka, mwenye usingizi na haya, jambo la kwanza alilolifanya ni kutazama nguo zake. Zilikuwa mahali pake.

Tuliokaa nyuma yao tulikumbuka dua ya mwanamke wa zama za Mtume. Hii ilikuwa stara yenyewe, na iliwezekana kwa sababu mama alikuwa amesema. Angeficha, mhudumu angeshtuka, abiria wangesimama juu ya viti, simu zingeinuliwa kupiga picha, na binti angefunuliwa mbele ya watu sabini.

Haki na wajibu

Tumewasikia wazazi wakisema kwamba kuomba msaada uwanjani ni kujidhalilisha. Sivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Ulemavu wa akili umo ndani ya sheria hiyo sawa na ulemavu wa viungo. Kwa upande wa anga, ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambako abiria aliyenyimwa haki anaweza kupeleka malalamiko yake.

Duniani watu wamebuni njia nyingine. Mwaka 2016, katika Uwanja wa Ndege wa Gatwick karibu na London, ulianza utaratibu wa kumpa abiria mwenye ulemavu usioonekana mkanda wa shingoni wa kijani wenye picha za alizeti. Anayeuvaa hahitaji kueleza ugonjwa wake kwa kila mtu. Mfanyakazi akiuona anajua kwamba huyu aongezewe muda na subira. Utaratibu huo umeenea katika viwanja vingi vya nchi mbalimbali. Tazameni hekima yake: unamjulisha anayepaswa kujua, bila kumtangaza kwa asiyehusika. Alizeti tunazo tele Singida na Dodoma. Kinachotakiwa ni nia ya kukubaliana alama moja na kuwafundisha wafanyakazi maana yake.

Lakini tusiwatupie watu wa viwanja mzigo ambao sisi wenyewe hatujaubeba. Kama ofisa wa ukaguzi, asiyetujua, aliweza kuuliza "nimwambie nini kabla ya kumgusa," kwa nini sisi katika misikiti yetu tumezoea kumwambia mama "mtoe mtoto nje"? Mtume (s.a.w.) alikuwa akiifupisha swala anaposikia mtoto analia, kwa kumhurumia mama yake. Hakuamuru mama atoke. Na ambaye akili yake haijakamilika, kalamu imeinuliwa kwake; hana dhambi ya kelele zake. Dhambi inayowezekana kuwapo ni ya anayemfukuza.

Jijini Dar es Salaam watoto walionwa na madaktari. Dawa za binti zimebadilishwa, na atarudi kupimwa. Mvulana hana dawa ya kumeza, kwa kuwa usonji si homa. Wazazi wamefundishwa namna ya kumzoesha maneno na mambo mapya, hatua kwa hatua, na mwalimu wake wa shule ameandikiwa barua. Tulirudi kwa ndege ileile aina, na safari hii mvulana alilia kidogo zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa karatasi ya mchoro ilisahaulika nyumba tuliyofikia na ikabidi ichorwe nyingine palepale uwanjani. Watoto hawa hawabadiliki kwa safari moja. Wanaozunguka mtoto ndio wanaotakiwa kubadilika kwanza.

Kamati ilikaa tena baada ya kurudi. Mzee wa bati na mikeka ndiye aliyesimama mwanzo. Alisema bati bado linahitajika, kisha akapendekeza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: pembe moja ya msikiti, karibu na mlango wa pembeni, itengwe kwa ajili ya familia zenye watoto wa aina hii, waingie na kutoka bila kupita mbele za watu. Limepitishwa. Mama wa binti bado hajasema kijijini, nasi hatumharakishi. Mvulana amekuja Ijumaa tatu mfululizo akiwa na kopo lake. Spika iliyokuwa juu ya pembe ile tumeizima.